Viungo, homa, nywele na VDRL chanya: je, hii ni lupus?

*Shikamoo daktari. Nina miaka 28, niko Morogoro. Kwa mwaka mmoja na nusu nasumbuliwa na maumivu ya vidole na viganja. Asubuhi siwezi kufunga vifungo vya shati la mtoto mpaka ipite saa nzima. Homa inakuja na kuondoka. Nimetibiwa malaria na taifodi mara kadhaa, ingawa kipimo cha malaria mara nyingi hakioni kitu. Nywele zinakatika kwa mbele, na nikishinda shambani mashavu yanatoka mabaka meusi yanayowaka. Mwaka jana nikiwa mjamzito nilipimwa VDRL, kipimo cha kaswende, ikatoka chanya, mume wangu akapimwa akakutwa hana kitu, ukawa ugomvi mkubwa nyumbani. Mimba ilitoka ikiwa na wiki 14. Mwezi uliopita nikapimwa ANA, majibu yakaja chanya 1:160, nikaambiwa nina lupus, basi, bila maelezo. Duka la dawa waliniuzia prednisolone za 5 mg, nameza tatu kwa siku, huu mwezi wa pili. Nikiacha siku mbili hali inarudi. Shangazi anasema ni saratani ya damu, jirani anasema nimerogwa. Je, kweli ni lupus? Inaambukiza? Nitaweza kuzaa tena?*

Marahaba, dada, na pole sana. Nianze na jambo moja ambalo haliwezi kusubiri: usiache prednisolone ghafla, hata siku hizo mbili. Dawa hii inafanana na homoni inayotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Ukiimeza zaidi ya wiki tatu hivi, tezi hizo hupunguza kazi kwa sababu mwili unapata homoni kutoka nje. Ukikatiza kwa mkupuo, mwili unabaki bila homoni ya kutosha: kizunguzungu, kutapika, presha kushuka, hata kuzimia. Kwa hiyo endelea na kiasi hicho hicho, usiongeze wala usipunguze mwenyewe, na ndani ya wiki hii fika hospitali ukiwa na pakiti ya dawa mkononi. Kupunguza kutafanywa na daktari, hatua kwa hatua. Mwambie pia kama unatumia diklofenaki au dawa nyingine za maumivu za jamii hiyo, za vidonge au za sindano, kwa sababu figo iliyoanza kuathirika huumizwa nazo zaidi. Mpaka utakapopimwa figo, tumia paracetamol kwa maumivu.

Sasa swali lako. Siwezi kukuthibitishia lupus kwa barua, na hakuna daktari makini atakayefanya hivyo. Lakini ninavyosoma maelezo yako, naishuku sana. Na kinachonifanya niishuku ni mambo ambayo kila mtu aliyekutibu aliyaona moja moja: viungo kwa huyu, homa kwa yule, nywele saluni, VDRL kliniki ya wajawazito. Lupus hupotea hivyo hivyo, kila dalili ikitibiwa kwenye chumba chake. Kipimo cha ANA ulichoambiwa ndicho ushahidi kina uzito mdogo kuliko hadithi yenyewe.

ANA ni kingamwili zinazolenga vitu vilivyo ndani ya kiini cha seli za mwili wako mwenyewe. Namba 1:160 maana yake maji ya damu yako yamezimuliwa mara 160 na bado kingamwili hizo zinaonekana. Karibu kila mwenye lupus anayo ANA, ndiyo maana ikitoka hasi uwezekano wa lupus unakuwa mdogo sana. Kinyume chake hakiko hivyo. Ukiwapima watu 100 wenye afya njema, kama 5 watatoka chanya kwa kiwango hicho cha 1:160, na wengi wao hawatapata lupus maisha yao yote. Maambukizi ya muda mrefu, ikiwemo kifua kikuu na virusi vya UKIMWI, yanaweza kuileta. Dawa kadhaa pia, ikiwemo isoniazid ya kifua kikuu na hydralazine ya presha, na hizo huweza hata kuleta lupus ya muda inayoondoka dawa ikisimamishwa. Kwa hiyo ANA inafungua mlango wa uchunguzi tu.

Ugonjwa wenyewe unakuwaje? Kila siku mamilioni ya seli zetu hufa na mabaki yake husafishwa kimyakimya. Kwa mwenye lupus usafi huo hauendi vizuri, na mfumo wa kinga huyatazama mabaki ya kiini kana kwamba ni kijidudu kutoka nje. Unatengeneza kingamwili dhidi yake. Kingamwili zikishikana na mabaki hayo zinakuwa vifurushi vidogo vinavyosafiri kwenye damu na kukwama popote penye mishipa myembamba: ngozi, viungo, utando unaozunguka mapafu na moyo, na zaidi ya yote figo. Zinapokwama, uvimbe wa ndani huanza. Hapo unaelewa kwa nini jua la shambani linakuamshia mabaka: miale ya jua huua seli za ngozi, mabaki yanaongezeka, na kinga iliyokosea inapata cha kushambulia. Unaelewa pia kwa nini baada ya siku ya jua kali hata viungo na homa vinaweza kufuata, wakati jua limepiga uso tu.

Kwa hiyo lupus si saratani ya damu, wala si UKIMWI uliojificha. Haiambukizi kwa kulala pamoja, kula pamoja wala kunyonyesha. Kuna mchango wa kurithi, lakini ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Hata kwa mapacha wanaofanana kabisa, mmoja akiwa nayo, mara nyingi mwenzake haipati. Huwapata zaidi wanawake, takribani 9 kwa kila mwanaume 1, hasa kati ya miaka 15 na 45, na kwa watu wenye asili ya Afrika huwa kali zaidi, figo zikiumia mara nyingi zaidi. Kuhusu jirani yako, sitagombana naye. Ugonjwa unaozima na kuwaka, leo mzima kesho hoi, bila kidonda cha kuonekana, huwafanya watu watafute aliyeusababisha. Ila usiache muda wa tiba upite ukiwa safarini kwa waganga.

Turudi kwenye dalili zako, maana zinastahili kuangaliwa kwa makini. Viungo vya lupus kwa kawaida ni vidogo, vya vidole na vifundo vya mikono, vya pande zote mbili, na ukakamavu wa asubuhi unaodumu zaidi ya nusu saa. Saa nzima ya kwako ni dalili yenye uzito. Maumivu ya kazi ya jembe huwa kinyume: asubuhi afadhali, jioni mabaya.

Mabaka ya usoni ndiyo yanayokosewa sana, kwa sababu picha nyingi zinaonyesha wekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu hutaona wekundu. Utaona weusi uliokolea au rangi ya zambarau, ngozi imetuna kidogo na ina joto ukiigusa. Simama na kioo kwenye mwanga wa mchana uangalie mikunjo miwili inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Upele wa lupus hupita mashavuni na juu ya pua, kisha huiacha mikunjo hiyo. Ukiingia ndani ya mikunjo na una magamba yenye mafuta, huenda ni ugonjwa mwingine wa ngozi ambao hauna uhusiano. Madoa ya kahawia yaliyo bapa, yasiyowaka wala kutuna, hasa baada ya ujauzito, nayo ni kitu kingine. Siku mabaka yakitoka yapige picha kwa simu, tarehe ionekane. Siku ya kliniki mara nyingi uso unakuwa safi na daktari anabaki na maneno matupu. Angalia pia ndani ya masikio na kichwani: makovu ya mviringo yaliyopauka katikati na weusi pembeni, mahali ambapo nywele hazioti tena, ni aina ya lupus ya ngozi inayotakiwa kutibiwa mapema, kwani nywele zilizopotea kwenye kovu hazirudi. Nywele zinazokatika mbele bila kovu, kama zako, kwa kawaida hurudi ugonjwa ukitulia.

Hapa lazima niulize bila kukulaumu: je, unapaka mkorogo au krimu yoyote ya kung'arisha? Baadhi zina dawa za jamii hii hii ya prednisolone, zinazoharibu ngozi ya uso na kuifanya iwake juani. Nyingine zina zebaki, na zebaki huharibu figo kiasi cha kumwaga protini kwenye mkojo, picha inayofanana kabisa na figo ya lupus. Madaktari wa Nairobi waliliandika hilo tangu mwaka 1972 kwa watu waliokuwa wakitumia krimu hizo. Ikiwa unapaka, mwambie daktari na uipeleke hata kopo lenyewe. Usipolisema unaweza kupewa tiba nzito ya ugonjwa usio wako.

Mambo mengine ya kujikagua: vidonda kwenye kaakaa la juu la mdomo, ambavyo huwa haviumi hivyo mtu hajui anavyo, vidole kupauka na kufa ganzi kwenye maji baridi, kifua kuchoma ukivuta pumzi ndefu, na uchovu usioisha hata ukilala. Uchovu peke yake hautoshi kusema chochote, maana upungufu wa damu, mawazo na ujauzito vinauleta pia.

Kuhusu homa: lupus yenyewe huleta homa, mara nyingi ya chini na ya kurudia. Kipimo cha malaria kikiwa hasi mara kwa mara, na kipimo cha damu cha Widal ndicho pekee kinachosema taifodi, kuna haja ya kusimama na kufikiri upya, kwa sababu Widal hutoka chanya kirahisi kwa watu wasio na taifodi. Kitu kingine: ukipewa Septrin, uliza. Dawa zenye salfa huweza kuichochea lupus, kwa hiyo kila daktari na kila muuza dawa ajue kwamba unashukiwa kuwa nayo.

Sasa VDRL, ambayo nadhani imekuumiza kuliko viungo. Kipimo cha VDRL, na ndugu yake RPR, havimtafuti kijidudu cha kaswende. Vinatafuta kingamwili dhidi ya aina ya mafuta iitwayo kadiolipini. Mwenye kaswende huzitengeneza, na baadhi ya wenye lupus huzitengeneza pia bila kuwahi kukutana na kaswende. Kama walikutibu kwa sindano za penisilini wakati ule, ilikuwa sawa, kwa sababu kaswende kwa mjamzito haisubiriwi. Lakini jibu lile peke yake halithibitishi kwamba kuna mtu aliyekosa uaminifu. Omba kipimo cha TPHA, au kile cha haraka cha kijiti kinachotafuta kingamwili za kijidudu chenyewe. VDRL ikiwa chanya na hiki kikiwa hasi, kaswende haikuwepo. Nenda na mume wako mkasikie majibu pamoja. Inafaa aelezwe na daktari, usibebe mzigo wa kumshawishi peke yako.

Na kuna zaidi. Kingamwili hizo hizo za mafuta zinaweza kugandisha damu kwenye mishipa, ikiwemo ile ya kondo la nyuma, na mtoto akakosa damu tumboni. Mimba moja iliyoharibika baada ya wiki ya 10, mtoto akiwa hana kasoro ya maumbile, inatosha kufanya tuzitafute. Vipimo ni vitatu: kigandishi cha lupus (kwenye fomu huandikwa LA), kingamwili za kadiolipini, na kingamwili za beta-2 glikoprotini. Vikiwa chanya hurudiwa baada ya wiki 12, kwa sababu maambukizi ya kawaida huweza kuviinua kwa muda mfupi.

Figo nimeziacha mpaka sasa ili nizieleze peke yake. Kila figo ina vichujio vidogo takribani milioni moja, na lupus inapovishika haviumi. Hakuna maumivu ya kiuno, mkojo unaweza kuwa na rangi yake ya kawaida, na wewe ukaendelea na kazi huku vichujio vinaharibika. Povu jingi lisilotulia kwenye mkojo, macho kuvimba asubuhi, miguu kujaa jioni na presha kupanda kwa mtu wa umri wako huja baadaye. Ndiyo maana kipimo muhimu kuliko vyote kwako wiki hii kinapatikana hata kituo cha afya: mkojo wa asubuhi kwa kijiti, kuangalia protini na damu, pamoja na kupima presha. Protini ikionekana, ipimwe kwa kiasi. Ikizidi gramu 0.5 kwa saa 24, daktari wa figo anahitajika, na huenda akashauri kuchukua kinyama kidogo cha figo kwa sindano ili kujua aina ya madhara. Watu huogopa kipimo hicho, lakini ndicho kinachoamua kama utapewa dawa kali au nyepesi. Hata leo mkojo ukiwa safi, urudiwe kila miezi mitatu.

Hospitali ya rufaa ya mkoa inaweza kukufanyia sehemu kubwa ya uchunguzi: picha nzima ya damu, ambapo tunatafuta upungufu wa damu, seli nyeupe chini ya 4,000 na chembe sahani (zile zinazogandisha damu) chini ya 100,000, kriatinini (kipimo cha kazi ya figo), sukari (kwa sababu ya prednisolone), VVU, na kifua kikuu (kwa sababu prednisolone huweza kukiamsha). Kinachobaki hutumwa maabara kubwa: kingamwili dhidi ya dsDNA na Sm, vitu vya ndani ya kiini cha seli, ambazo hazionekani ovyo kwa wasio na lupus, na C3 na C4, protini za kinga kwenye damu ambazo hushuka ugonjwa ukiwa unawaka. Fedha zikiwa chache, usirudie ANA. Haisaidii kufuatilia ugonjwa. Zitumie kwa mkojo, kriatinini na dsDNA.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani walikubaliana mwaka 2019 juu ya mfumo wa pointi, ambapo ANA ya 1:80 au zaidi ni sharti la kuanzia na pointi 10 zinatosha kumweka mtu kwenye kundi la lupus. Ulitengenezwa kwa ajili ya utafiti, ila unaonyesha uzito wa mambo: viungo kama vyako ni pointi 6, upele halisi wa mashavuni 6, nywele 2 tu na homa 2. Upele na nywele vikiwa pamoja, huhesabiwa kimoja chenye pointi nyingi. Na hakuna kinachohesabiwa ikiwa kuna sababu nyingine inayokieleza vizuri zaidi. Daktari akithibitisha viungo na upele, unafika 12.

Tiba ya msingi ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ile ya malaria iliyoondolewa Tanzania mwaka 2001. Kiasi hakizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 asivuke wastani wa 300 kwa siku, kwa mfano kidonge kimoja cha 200 leo na viwili kesho. Inachukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi, na wengi huiacha mwezi wa kwanza wakidhani haifai. Hupunguza kuwaka kwa ugonjwa na hulinda figo. Wanaoikumbuka klorokwini wanajua ule muwasho wake. Hii nayo huweza kuwasha, ingawa kwa wachache zaidi. Ukiwashwa rudi kwa daktari kabla ya kuiacha. Macho yapimwe mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka 5, au mapema zaidi kama figo ni dhaifu. Prednisolone inabaki dawa ya kuzima moto, na lengo ni kushuka hadi 5 mg kwa siku au chini ya hapo. Huwa tunapenda imezwe asubuhi kwa mkupuo mmoja baada ya chakula. Ikihitajika dawa ya kuongeza, daktari atachagua kati ya azathioprine, methotrexate, mycophenolate na nyinginezo. Methotrexate humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa makosa kumewahi kuua watu. Usinunue dawa za kuongeza kinga, ziwe za asili au za kopo. Kinga yako haijapungua, imekosea njia.

Jua: shambani nenda alfajiri, uwe umerudi kabla ya saa nne asubuhi, na jioni baada ya saa kumi. Kofia pana, mikono mirefu, na losheni ya kukinga jua yenye namba 30 au zaidi, kwani weusi wa ngozi hautoshi.

Kuzaa, ndiyo, wanawake wengi wenye lupus wanazaa. Sharti ni ugonjwa uwe umetulia angalau miezi 6 kabla ya kubeba mimba, na presha na figo ziwe vizuri. Haidroksiklorokwini inaendelea ujauzito mzima na wakati wa kunyonyesha. Mycophenolate, methotrexate na cyclophosphamide hudhuru mtoto, lazima ziondolewe mapema. Kingamwili za kugandisha damu zikithibitika, aspirini ya kiasi kidogo na sindano za heparini za kuzuia damu kuganda huongeza sana uwezekano wa kumfikisha mtoto. Omba pia kupimwa kingamwili za Ro, kwani huweza kupunguza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni na daktari hupaswa kumfuatilia. Kwa sasa zuia mimba, lakini epuka vidonge vyenye estrojeni mpaka majibu yatoke, maana huongeza hatari ya damu kuganda. Kitanzi kinafaa.

Anza hospitali ya mkoa, uombe rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya viungo Muhimbili, au bingwa wa figo ikiwa mkojo si mzuri. Andika kwenye karatasi moja dalili zote na mwezi zilipoanza, dawa zote, majibu ya VDRL na historia ya mimba.

Usisubiri tarehe ya kliniki ikiwa mkojo umepungua na uso umevimba, umepata degedege au umeanza kuchanganyikiwa, kifua kinabana na pumzi inakatika, mguu mmoja umevimba na kuuma, umetoka damu puani au kwenye fizi bila sababu, au joto la mwili limefika nyuzi 38. Prednisolone huficha maambukizi, kwa hiyo homa hiyo usiihesabu kuwa ni ya lupus tu. Nenda siku hiyo hiyo, malaria ipimwe, na mwambie anayekupokea, kabla hajaandika chochote, kwamba unameza miligramu 15 za prednisolone kila siku.